Watulizaji wa Mama Namsifu

Koku alisoma mara ya tatu, na mara ya tatu kisomaji kikamjibu vilevile: hakuna.

Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Mbele yake, kwenye kioo cha mezani, figo mbili za Mama Namsifu zilikuwa zimetandazwa kama ramani ya wilaya. Kila nukta nyekundu ilikuwa seli ya kinga iliyokasirika. Zilikuwa nyingi mno, na kila alipokuja kazini asubuhi alizikuta zimeongezeka.

Jina lake hasa lilikuwa Kokushubila, lakini pale Kituo cha Figo cha Lughulu, juu kabisa kwenye milima ya Upare, hakuna aliyekuwa na subira ya kulitamka lote. Alikuwa amekuja kutoka Kagera akiwa msichana wa kujifunza kazi, na sasa huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kusoma seli. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Mgonjwa huchomwa sindano ya wino, dawa inayojipenyeza ndani ya kila seli ya kinga na kukaa humo. Seli ikikutana na kitu, kiwe kijidudu au seli mwenzake, wino huandika mstari mmoja, tena hufufua na alama za mikutano ya zamani. Siku ya tatu msomaji huchukua tone la damu na kijiuzi cha nyama ya figo, kisha huziuliza seli moja moja: umetoka wapi, umekutana na nani, umefanya nini huko.

Mistari ya Mama Namsifu ilisema hivi. Miaka miwili nyuma alipata vidonda vya koo, vikapona. Lakini mabaki ya vita ile yaligandamana na kunasa kwenye vichujio vya figo, vile vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo kila figo inavyo kama milioni moja. Mgambo wa kinga wakafika, wakamwaga sumu zao kama walivyofundishwa, ingawa adui hakuwepo. Nyuma yao wakaja walaji, seli kubwa zinazozoa taka, nao badala ya kuzoa na kuondoka wakapiga yowe kuita wengine. Mahali kama hapo ndipo hutakiwa watulizaji, seli ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao yaishe. Watulizaji wa Mama Namsifu walikuwa wamefika. Ila walikuwa wamechoka, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamegeuka, wanapigana bega kwa bega na walewale waliopaswa kunyamazishwa.

Ndiyo maana alipangiwa Tiba ya Mtoto. Mwanamke akibeba mimba, kinga yake hujifunza kuishi na yule mgeni aliye tumboni. Seli chache za mtoto huvuka na kubaki mwilini mwa mama hadi uzeeni. Kwa hiyo watulizaji wa mtoto wakikuzwa na kutiwa kwa mama, figo huwapokea kama watu wa nyumbani. Watulizaji wa mtu mwingine yeyote, hata awe ndugu wa damu, hupokelewa kama wezi.

Bintiye, Namsifu, alikuwa ametoa mirija sita ya damu siku ya Jumatatu huku akimtania muuguzi kwamba sindano yake ni butu kuliko jembe. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi mmoja tu: kutafuta zile seli za kale za Namsifu mwilini mwa mama yake, kuhakikisha kwamba mlango upo wazi. Kwa wanawake mia nne aliowasoma Koku, hakuwahi kuzikosa.

Kwa huyu hazikuwepo. Hazikuwepo za Namsifu wala za mtoto mwingine yeyote. Mwili ule haukuwahi kubeba mimba. Na Koku alipolinganisha alama za ukoo za wale wawili, aliona jambo alilokuwa ameanza kulihofia: walifanana, lakini kwa kiasi cha mtu na mtoto wa dada yake.

Alizima kioo, akaenda kumtafuta Daktari Mmbaga.

*

Daktari Mmbaga alikuwa mkuu wa kituo, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu. Alimsikiliza Koku hadi mwisho, akisugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza.

"Namsifu anajua?" aliuliza.

"Hajui, daktari. Jana tu alikuwa ananiambia pua yake ameichukua kwa mama yake."

"Tukisema sampuli imeharibika?"

"Atatoa nyingine kesho. Tukisema tena imeharibika, atatoa ya tatu. Namfahamu yule, hakati tamaa."

Daktari alitikisa kichwa. Wote wawili walikuwa wanaijua sheria: mtoaji akikataliwa ana haki ya kuambiwa sababu ya kweli, kwa maandishi, kabla ya saa ishirini na nne kupita. Sheria hiyo ilitungwa kwa machozi ya watu waliowahi kudanganywa, na hakuna aliyetaka kuivunja. Isitoshe, uongo ungekula siku, na siku hazikuwepo. Kumtafutia mama yule watulizaji wa mgeni na kuwafunza wasikataliwe kungechukua miezi minane. Figo zake zilikuwa na wiki sita, saba zikijitahidi.

"Nenda kwa mama mwenyewe kwanza," alisema Daktari Mmbaga. "Siri hii ilikuwa yake kabla haijawa yetu."

Koku alitoka akitembea polepole. Mwaka uliopita alikuwa amemsomea mtu majibu yake haraka haraka, mlangoni, mkewe akiwa kando. Majibu yalikuwa sahihi, neno kwa neno, na ndoa ile haikusimama tena. Tangu siku hiyo alikuwa akiogopa usahihi wake mwenyewe.

*

Mama Namsifu alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba mpaka vifundo vya miguu havionekani. Alikuwa mkulima wa tangawizi kutoka ng'ambo ya mlima, mwenye miaka hamsini na miwili, na mikono yake bado ilikuwa na ule weusi wa udongo usiotoka kwa sabuni. Namsifu alikuwa ameshuka sokoni kumtafutia ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alimtazama Koku usoni, kisha akatazama mikono yake mitupu, isiyo na sindano. "Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

Mama Namsifu alivuta shuka juu ya miguu. Halafu akaanza kusema, na sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno hayo peke yake shambani mara nyingi sana.

"Dada yangu aliitwa Eliwaza. Alifariki siku aliyomzaa, mvua ikiwa imeikata barabara, gari la wagonjwa limekwama chini kule. Baba wa mtoto hakujulikana na hakujitokeza. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitano kwa mume bila mtoto, wifi zangu wameshanipa majina yote. Nikamchukua. Mume wangu, Mungu amrehemu, akasema tuhame, tukaanze mahali ambapo hakuna anayetujua. Tukahama. Nikasema nitamwambia akianza shule. Akaanza. Nikasema akivunja ungo. Akavunja. Kesho, kesho, miaka ishirini na tisa."

"Seli zake haziwezi kuingia kwako, mama. Kinga yako itaziona ni adui, ndani ya figo ambazo tayari zinaungua. Figo zitakufa kwa siku chache, na wewe unaweza kwenda nazo."

"Na nisipotiwa?"

"Tuna wiki sita."

"Basi nitie." Alisema kama mtu anayechagua kitenge. "Nilishasaini. Nitie, ikishindikana mwandike imeshindikana. Watu wanakufa hospitali, si jambo jipya."

"Mama..."

"Nisikilize mwanangu. Mimi jina langu ni Nakundwa. Unajua mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa lini? Kanisani, sokoni, kwenye zamu ya maji ya bwawani, mimi ni Mama Namsifu. Hata mume wangu aliniita hivyo mpaka anakata roho. Ukiniondolea hilo jina, utakuwa unamtibu nani?"

Koku alivuta kiti akakaa. Alijua kwamba ile sindano ingechomwa kwa mkono wake yeye. Angekuwa na karatasi yenye saini ya mgonjwa na angekuwa salama kwa sheria, na bado ingekuwa mkono wake.

"Sitaichoma sindano ninayojua itakuua," alisema mwishowe. "Na sitamwambia Namsifu mimi, hilo si la kwangu. Lakini kesho saa tatu asubuhi lazima apewe sababu. Ukitaka niwepo, nitakuwepo. Ukitaka nitoke, nitatoka."

Mama Namsifu aligeukia dirisha. Alikaa hivyo mpaka Koku akadhani mazungumzo yamekwisha, akasimama.

"Uwepo," alisema yule mama bila kugeuka. "Peke yangu nitasema tena kesho."

*

Namsifu alikuwa fundi wa milango ya maji. Alitunza zile ndiva za zamani, mabwawa ya mlimani yanayonywesha mashamba kwa zamu, ambazo siku hizi milango yake hujifungua yenyewe kwa kuhisi kiu ya udongo, lakini bado huziba kwa majani kama zamani na bado huhitaji mtu mwenye mikono. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko chepesi. Asubuhi ile aliingia chumbani akiwa tayari amekunja mkono wa blauzi, akidhani ameitiwa damu nyingine.

"Dada Koku, leo tafadhali mshipa wa kushoto. Wa kulia bado umenuna."

"Kaa mwanangu," alisema mama yake.

Alimwambia. Hakuzunguka, alianza na mvua, akamaliza na kaburi la Eliwaza lililo nyuma ya kanisa la kijiji walichokihama. Koku alisimama mlangoni akitazama vidole vyake. Alipoinua macho aliona Namsifu ameshusha mkono wa blauzi na anafunga kifungo, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Kwa hiyo mimi ni wa Eliwaza."

"Eliwaza alikuzaa. Wewe ni wangu."

"Ulijua seli zangu hazifai?"

"Nimejua jana. Dada yako huyu aliniambia."

"Ukasemaje?"

Mama Namsifu alivuta kanga mabegani. Namsifu akamgeukia Koku. "Akasemaje, dada?"

Koku alimtazama mama. Mama akainamisha kichwa kidogo, kukubali.

"Alisema nizitie hivyo hivyo," Koku alisema. "Nilikataa."

Namsifu alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena, na aliposema sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Ulitaka nikuue mimi? Damu yangu ndiyo ikumalize, halafu nikuzike, nipike chai ya msiba, niseme Mungu ametoa Mungu ametwaa? Na siku ningejua? Maana siku moja ningejua, mama! Ningelala vipi?"

Mama yake alifunika uso kwa kanga. Hilo hakuwa amelifikiria, wala Koku. Wote wawili walikuwa wamepima siri na uhai, wakasahau kumpima huyu aliyesimama mbele yao.

"Nisamehe," ilitoka sauti ndani ya kanga. "Niliogopa mwanangu. Nisamehe."

Namsifu hakusema amesamehe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akiwa amempa mama yake mgongo. Kisha akauliza, kwa sauti kavu ya fundi anayetafuta bomba limetobokea wapi:

"Nilikula nini?"

"Nini?"

"Mtoto wa siku moja. Mama amekufa, barabara imekatika, dukani hakuendeki. Nilikula nini?"

"Ulinyonya."

"Kwa nani?"

"Kwangu," alisema mama, kana kwamba lilikuwa jambo dogo. "Bibi yako alikuweka kifuani kwangu usiku uleule. Nikamwambia mama, mimi sijazaa, hakuna kitu humu. Akasema mtoto atakiita. Akawa ananinywesha uji wa ulezi na majani yake anayoyajua mwenyewe, na wewe unavuta, unalia, unavuta, jirani anakusaidia na maziwa ya mbuzi kidogo. Chuchu zikapasuka, nikalia na wewe. Siku ya kumi na mbili maziwa yakatoka. Ulinyonya mpaka ukaanza kukimbia. Mwaka na miezi mitano."

Koku aliondoka pale mlangoni. Hakukumbuka baadaye aliondoka vipi. Alijikuta tu yuko katikati ya chumba.

"Mwaka na miezi mitano?" aliuliza. "Mama, una hakika?"

"Mwanangu, matiti ni yangu."

"Namsifu, kunja tena huo mkono. Wa kushoto."

*

Watu wengi hudhani maziwa ya mama ni chakula. Ni chakula, lakini pia ni safari. Katika kila tone mna seli hai, maelfu kwa maelfu, zinazotoka kifuani kwa mama na kuingia tumboni kwa mtoto. Nyingi humeng'enywa. Chache hupenya utumbo ule laini wa siku za mwanzo, huingia kwenye damu, hutafuta mahali pa kukaa, na mwili wa mtoto, ambao bado haujajua kugombana, huziacha zikae. Koku alikuwa amelisoma hilo chuoni, ukurasa mmoja, na hakuwahi kulihitaji tena.

Aliitia damu ya Namsifu kwenye kisomaji. Safari hii hakuuliza damu hii ni ya nani. Aliuliza: humu ndani yumo nani mwingine?

Saa ya kwanza haikuleta kitu. Saa ya pili vilevile. Daktari Mmbaga aliingia na vikombe viwili vya chai, akakaa bila kuuliza, chai ikapoa. Jua lilikuwa limeshavuka paa la jengo la wauguzi wakati kisomaji kilipolia mara moja, mlio mfupi kama wa kifaranga.

Seli moja. Alama ya ukoo: Nakundwa.

"Inaweza kuwa uchafu," alisema Koku, akiogopa kufurahi. "Labda mirija ilichanganyika."

Kisomaji kikalia tena. Na tena. Kufikia saa kumi alasiri zilikuwa kumi na moja, zote za Nakundwa, na kati ya hizo nne zilikuwa watulizaji. Koku alizifungua moja baada ya nyingine. Hazikuwa na alama yoyote ya vidonda vya koo. Hazikuwa zimewahi kuliona lile gomvi. Zilikuwa zimetoka mwilini mwa mama akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, zikahamia kwa mtoto, zikakaa huko kwa amani muda wote ambao dada zao walioachwa nyuma walikuwa wanazeeka na kugeuka.

"Daktari," alisema. "Ni za kwake mwenyewe. Kinga yake haitakuwa na sababu ya kuzikataa. Ni zake za ujanani."

Daktari Mmbaga alivua kofia yake, akaiweka magotini. "Miaka thelathini na nane nafanya kazi hii," alisema. "Nenda kawaambie. Nenda mbio."

Koku, ambaye alikuwa na miaka thelathini na mitano na hakuwa ametembea haraka kwenye ujia ule hata siku moja, alikwenda mbio.

Aliwakuta mmoja kitandani na mwingine dirishani, sinia la ndizi kati yao halijaguswa. Aliwaeleza. Ilibidi aeleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa akicheka na kuhema na hakueleweka.

"Subiri dada," alisema Namsifu. "Unasema ninazo? Zake? Ndani yangu?"

"Unazo."

"Miaka yote hii?"

"Tangu siku ya kumi na mbili."

Namsifu alitazama mkono wake, pale penye pamba na plasta, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichokijua. Kisha akaunyoosha. "Chukua. Chukua hata yote."

"Mirija mitatu inatosha, ya kuzilisha zikue."

Mama Namsifu alikuwa akilia waziwazi, bila kanga, kwa kilio kile cha mtu aliyeshusha mzigo wa kuni kichwani na kugundua shingo bado inageuka.

*

Watulizaji wanne hawatoshi kutuliza hata kichujio kimoja. Waliwekwa kwenye sanduku la joto, wakalishwa na kubembelezwa, nao wakagawanyika: wanane, kumi na sita, polepole mno mwanzoni, kisha kwa kasi. Iliwachukua siku kumi na tisa kufika milioni mia mbili. Siku hizo Koku aliamka kila alfajiri akaenda kuwachungulia kabla hajanawa uso.

Namsifu hakulala kituoni siku tatu za mwanzo. Alisema kuna mlango wa ndiva umekwama, na huenda ulikuwa umekwama kweli. Siku ya nne alirudi akiwa na matope mpaka magotini na kilo mbili za tangawizi mbichi, akaanza kugombana na mpishi kuhusu chumvi kwenye mboga za mama yake. Mama yake alimsikia kutoka kitandani, akafumba macho. Koku, aliyekuwa anapima shinikizo la damu, aliona namba zinashuka pale pale.

Hawakuwa wameyamaliza. Kulikuwa na saa ambazo Namsifu aliuliza swali, akalipata jibu, akatoka nje kutembea peke yake hadi chini kwenye daraja. Siku moja aliuliza ni nani mwingine anajua. Siku nyingine aliuliza kwa nini hawakuwahi kulizuru lile kaburi hata mara moja. Mama yake alijibu kila kitu. Alikuwa amechoka kuficha, na kujibu, ingawa kulimuumiza, kulimpumzisha.

Sindano ilichomwa siku ya ishirini, saa nne asubuhi. Koku aliichoma mwenyewe. Kisha wakangoja. Hatari ilikuwepo bado: watulizaji wangeweza kufika na kuelemewa, au kugeuka kama wenzao. Siku ya kwanza homa ilipanda kidogo. Siku ya pili ikashuka. Siku ya tano Koku alichukua kijiuzi kipya cha figo, akatandaza ramani, akaanza kusoma mistari.

Seli ya kwanza: imetoka kwenye mshipa. Imeingia figo ya kushoto. Imekutana na mlaji. Imemtuliza. Mlaji amenyamaza.

Ya pili: imeingia figo ya kushoto. Imekutana na mtulizaji aliyegeuka. Wamekaa pamoja saa sita. Aliyegeuka ameacha kupigana.

Ya tatu, ya nne, ya ishirini. Mahali pengi kwenye ramani nyekundu ilikuwa imefifia kuwa rangi ya chungwa, na kwingine ilikuwa imetoweka kabisa. Pembeni kulikuwa na vichujio vilivyokwisha kuwa makovu, kama kimoja katika kila vitano, na hivyo visingerudi. Mama yule angeishi akipimwa kila baada ya miezi mitatu na kula chumvi kwa kijiko cha mtoto. Lakini vinne katika vitano vilikuwa vinachuja. Koku aliweka kichwa mezani, juu ya mikono yake, akakaa hivyo kidogo, akihisi mabega yake yanashuka yenyewe.

Aliinuliwa na sauti kutoka ujiani.

"Koku! Koku weee! Njoo uone mkojo wangu!"

Mama Namsifu alikuwa amesimama mlangoni pa choo, kikopo cha vipimo mkononi, amekiinua juu kuelekea dirishani kama anayekagua asali. Wagonjwa wawili walikuwa wametoa vichwa kwenye vyumba vyao. Kwa miezi saba mkojo wake ulikuwa umejaa povu kama maji ya kufulia nguo, kwa sababu ya protini iliyokuwa ikivuja. Sasa ulikuwa wa manjano, mwangavu, na juu yake hakuna povu hata tone.

"Mama, punguza sauti!" Namsifu alikuja mbio, amekufa kwa aibu. "Watu watasikia."

"Wasikie! Nimekojoa kama mtu!"

*

Waliruhusiwa wiki mbili baadaye. Miguu ya mama ilikuwa imerudi kuwa miguu, na viatu alivyokuja navyo vilimpwaya. Daktari Mmbaga alimpa mkono, akamwonya kuhusu chumvi. Mama akasema anaye askari wa chumvi nyumbani, haina haja. Kwenye dirisha la kutokea, karani alimuuliza aandike jina gani kwenye kadi ya vipimo.

Mama alisita. Akamtazama binti yake.

"Andika Nakundwa," Namsifu alisema. "Ndilo la kwenye cheti. Halafu kwenye mabano andika Mama Namsifu, maana ukiita hilo la kwanza hatageuka."

Koku aliwasindikiza hadi kwenye ngazi za mawe zinazoshuka barabarani. Ukungu ulikuwa umenyanyuka na mashamba ya chini yalionekana vizuri, maji ya zamu yaking'aa kwenye mifereji. Walimuaga, wakaanza kushuka, mama mbele akishika ukuta, binti nyuma na mzigo.

Katikati ya ngazi Namsifu alisimama.

"Mama. Eliwaza alikuwa anachekaje?"

Mama naye alisimama. Alifikiri. Alikuwa hajalitoa lile jina mdomoni mbele za watu kwa karibu miaka thelathini, sembuse kicheko chake.

"Vibaya," alisema. "Alikuwa anacheka vibaya sana. Anaanza kwa kuvuta pumzi, hivi, kama punda, halafu..."

Akajaribu. Kilitoka kitu cha ajabu, kilio cha punda na kuku pamoja, kikaenda kikagonga ukuta wa kituo na kurudi. Alijishika kifua, akashangaa mwenyewe.

"Muongo," alisema Namsifu. "Hakuna mtu anacheka hivyo."

"Haki ya Mungu. Kanisani mchungaji alikuwa anamtoa nje."

"Rudia."

Akarudia. Koku alikuwa bado juu ya ngazi, na wagonjwa wa zamu ya asubuhi walikuwa wanamngoja ndani. Lakini alibaki pale amesimama, akiwasikiliza wale wawili wanavyoshuka, mama anacheka kicheko kisicho chake, na binti nyuma yake anajifunza.